Ruhusa ya Kupiga Chapa Vitabu vya Dini: Tunapashwa Kujua Nini?



Mwaka wa pili wa upadri wangu, siku chache mbele ya Kumbukumbu ya Marehemu Wote, katekista mumoja alifika kwangu na katoni kichwani. Ndani mulikuwa vitabu vidogo 400, vimetoka siku ile kwa mupiga chapa wa mujini, vingali na harufu ya wino. Kilikuwa kitabu cha matanga: zaburi za kukesha na maiti, litania, nyimbo 32 na sala za kaburini. Mimi mwenyewe nilikikusanya usiku kwa usiku, kwa sababu kila jumuiya ilikuwa inasali namna yake. Nyuma ya ukurasa wa kwanza niliagiza yaandikwe maneno haya: «Kwa ruhusa ya Eklezia». Ruhusa ya nani katika Eklezia? Sikusema, kwa maana hapakuwa na mutu aliyenipa. Padri mukubwa wa parokia alijua habari, nami nilizani inatosha.

Juma mbili nyuma yake, mujane mumoja aliniita pembeni. Alikuwa amezika mume wake Jumanne ile. Akaniuliza kwa sauti ndogo: «Baba, nimefwata Nasadiki katika kitabu chako. Neno la ufufuko wa miili halimo. Mumeliondoa kwa sababu mume wangu alikufa bila ndoa ya Eklezia?» Nilifungua kitabu. Kweli, mustari ule haukuwamo. Kijana aliyeandika kwa ordinatere alitaka Nasadiki yote iingie katika ukurasa mumoja, mustari mumoja ukakatika, nami nilikuwa nimesoma karatasi za majaribio haraka haraka, nikingojea gari. Hivi watu walisali Nasadiki mbele ya maiti, katika matanga mengi, pasipo kuungama ufufuko.

Nimeanza na habari hii kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi ileile. Zamani kupiga chapa kulikuwa kazi ya misioni kubwa, zenye mutambo wao na Furere aliyejua kupanga herufi za risasi moja moja. Leo karibu na kila parokia ya muji kuna duka la ordinatere, na kwa feza kidogo mutu anatoka na vitabu mia jioni ileile. Kazi imekuwa nyepesi, lakini sheria haikuondoka. Tena sheria ya leo siyo ileile waliyofundishwa wazee wetu katika seminari kubwa. Ndiyo maana wengine wanadai mambo yasiyodaiwa tena, na wengine wanaacha mambo yanayodaiwa bado.

Imprimatur ni neno la Kilatini, maana yake «kipigwe chapa». Nihil obstat, maana yake «hakuna kinachozuia», ni neno la mukaguzi, mutu aliyesoma karatasi mbele ya Askofu. Mutawa anayeandika juu ya imani ao maadili anapashwa kupata pia ruhusa ya mukubwa wa shirika lake (kan. 832), nayo inaitwa imprimi potest, ni kusema «kinaweza kupigwa chapa». Mafratri wengi wanazani maneno haya ni mapambo ya vitabu vya zamani. Wakristu wengine wanazani kinyume, kwamba Askofu akitia sahihi, basi kila neno lililomo ni neno la Askofu. Hao nao wanakosea. Mukaguzi hasemi kitabu ni kizuri, wala hasemi kimeandikwa vema, wala hasemi yeye mwenyewe anakubali mawazo ya mwandikaji. Anasema jambo moja tu: hamuna neno linalopinga imani ao maadili ginsi Eklezia inavyoyafundisha. Kanuni 830 inamwagiza waziwazi aweke kando mapenzi yake mwenyewe na kupendelea watu. Nimesoma vitabu vyenye ruhusa halali vilivyonichosha mpaka usingizi, na sina haki ya kumulaumu mukaguzi wake.

Sheria hii ilitoka wapi? Ilitoka mbio nyuma ya mutambo wenyewe. Kwa mwaka 1455 hivi, Gutenberg alimaliza Biblia yake katika muji wa Mainz, inchi ya Ujeremani. Miaka 60 baadaye, tarehe 4-5-1515, Papa Leo X katika Mutaguso wa tano wa Laterano alitoa amri yake Inter sollicitudines. Inapendeza kuona namna inavyoanza: haianzi na laumu, inasifu ufundi wa kupiga chapa kama neema ya Mungu kwa nyakati zile, kwa sababu watu waliweza kupata vitabu vingi kwa feza kidogo. Ndipo inapotaja malalamiko, kwamba mitambo ileile ilikuwa inatoa makosa ya imani na matukano. Kwa hiyo kitabu kisipigwe chapa pasipo kusomwa na Askofu ao mutu mwenye elimu aliyewekwa naye, pamoja na mukaguzi wa imani wa pahali pale, nao watie sahihi kwa mukono wao wenyewe. Mupiga chapa aliyevunja amri alinyanganywa vitabu vyake, vikachomwa mbele ya watu. Akalipa ducati 100 kwa ujenzi wa Basilika ya Mutakatifu Petro. Akakatazwa kazi ya chapa mwaka muzima. Akatengwa na Eklezia.

Hayo kila mwalimu wa historia anayasimulia. Lakini kuna neno lingine katika amri ileile ambalo sisi mapadri tunalipita mbio. Inasema sahihi itolewe bure na pasipo kukawia, na mwenye kuvunja neno hilo anatishwa kwa azabu ya kutengwa. Ni kusema azabu haikuwekwa kwa mupiga chapa peke yake. Iliwekwa vilevile kwa mukubwa anayelalia karatasi za watu. Mutaguso wa Trento, tarehe 8-4-1546, ulirudilia neno la bure: kusoma kitabu na kukikubali, vyote viwili visilipiwe, na ruhusa iandikwe mbele ya kitabu ionekane na wote. Ulikataza pia kupiga chapa vitabu vya mambo matakatifu visivyo na jina la mwandikaji. Vitabu vyetu vingi vya sala, visivyo na jina la aliyevikusanya, visingepita mbele ya Mababa wa Trento.

Orodha ya vitabu vilivyokatazwa, inayoitwa Index, ilitoka Roma mara ya kwanza mwaka 1559 na mara ya mwisho mwaka 1948. Wengi wanachanganya Index na imprimatur, lakini ni mambo mawili. Index ilimukataza musomaji kitabu kilichokwisha kutoka. Imprimatur inamuhusu mwandikaji mbele kitabu hakijatoka. Index ilipoteza nguvu ya sheria mwaka 1966. Imprimatur haikuguswa.

Wazee wetu wa Kongo waliishi chini ya Codex ya 1917, na Codex ile ilikuwa na mukono mupana. Kanuni 1385 ilidai ukaguzi kwa Maandiko Matakatifu, kwa vitabu vya teolojia, historia ya Eklezia, sheria ya Eklezia na maadili, kwa vitabu vya sala, na hata kwa picha takatifu, zile ndogo tunazotia ndani ya kitabu cha Misa. Mwandikaji na mutoaji wa Maandiko Matakatifu pasipo ruhusa walitengwa na Eklezia palepale, bila hukumu nyingine (kan. 2318). Ukifungua kitabu cha sala kilichopigwa chapa Kongo mbele ya tarehe 10-11-1959, siku Roma ilipoanzisha rasmi majimbo yetu ya uaskofu, utakuta jina la Vikari wa Kitume, maana Maaskofu wa inchi walikuwa wangali na cheo hicho.

Mambo yalibadilika kwa hatua. Mwaka 1966 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani ilifuta kanuni 1399 na 2318. Tarehe 19-3-1975 ilitoa amri mupya juu ya ukaguzi wa vitabu, Ecclesiae pastorum, na maneno yake mengi yaliingia katika Codex ya 1983, kanuni 822 mpaka 832. Hizo ndizo sheria zetu leo.

Hapa nataka kuonya juu ya udanganyifu mumoja. Kuna vitabu vidogo vya matokeo na maono, vinavyouzwa sana, vyenye kuandikwa mwanzoni kwamba tangu kufutwa kwa kanuni 1399 mwaka 1966 hakuna tena haja ya ruhusa. Ni kweli kanuni ile ilifutwa. Lakini kufuta katazo na azabu ya zamani siyo kutoa ruhusa ya Askofu. Kitabu cha namna ile kikiwa na novena, rozari ao sala nyingine za waamini, kinaangukia chini ya kanuni 826 §3 kama kitabu chochote cha sala. Tena maandiko ya kugusa imani ao maadili, Askofu ana haki ya kuyadai ayasome, na kuyakataa yakileta hasara (kan. 823). Katekista akiletewa kitabu cha namna ile, asome ukurasa wa pili mbele ya kusoma maono.

Basi, leo tunadaiwa nini? Maandiko Matakatifu yanadai kibali cha Kiti cha Kitume ao cha Baraza la Maaskofu, hata tafsiri yake (kan. 825). Askofu mumoja peke yake hatoshi. Kanuni ileile inawaruhusu Wakatolika kutafsiri pamoja na wandugu wa makanisa mengine, kama Baraza limekubali na maelezo ya chini ya ukurasa yapo. Vitabu vya katekisimu na maandiko yote ya kufundishia dini vinadai kibali cha Ordinario wa pahali, ni kusema Askofu, Vikari Mukuu ao Vikari wa Kiaskofu (kan. 827 §1). Katekisimu ya inchi nzima inayotolewa na Baraza inadai pia kukubaliwa na Roma mbele. Vitabu vya sala, vya watu wote ao vya mutu binafsi, vinadai ruhusa ya Ordinario. Vitabu vya masomo ya dini katika mashule, tangu shule ya musingi mpaka ya juu, visiwe musingi wa mafundisho kama havina kibali. Vitabu vingine juu ya teolojia ao historia ya Eklezia, sheria inashauri tu vipelekwe kwa Ordinario, hailazimishi. Fratri aliyeandika historia ya parokia yake asiogope: ni vema aonyeshe, lakini hakuna zambi akitoa.

Jambo moja katika kanuni 827 linatugusa kila Siku ya Mungu. Ndani ya kanisa na kapela hairuhusiwi kuweka mbele ya watu, kuuza wala kugawa vitabu vya dini ao maadili visivyo na kibali cha wakubwa. Ninajua meza zetu. Mama anayeuza rozari anauza pia chochote alichopewa na mugeni wa juma lililopita. Mutu atasema meza iko inje, chini ya mwembe, haiko ndani ya kanisa. Kwa herufi ya sheria anaweza kuwa na haki, lakini Wakristu hawapimi hatua za mwembe. Wanasema «nilikinunua kanisani».

Ruhusa iombwe kwa nani? Kanuni 824 inatoa nafasi mbili: Ordinario wa pahali anapokaa mwandikaji, ao Ordinario wa pahali kitabu kinapotolewa. Mwandikaji akikaa Kalemie na kitabu kikitolewa Lubumbashi, achague. Lakini kama Ordinario wake amekwisha kukataa, asikimbilie kwa mwingine akificha neno hilo. Kanuni 65 inamulazimisha kulisema. Nayo kanuni 824 §2 inaongeza kwamba yote yanayosemwa juu ya vitabu yanahusu maandiko yoyote yanayotolewa kwa watu wote. Hapo ninamujibu yule anayesema: «Siyo kitabu, ni fotokopi tu», ao «ni fayili tu, nimeituma kwa WhatsApp». Sala uliyoituma katika vikundi vitano vya jumuiya imewafikia watu wengi kuliko vitabu vyangu 400.

Ninafika kwa kosa lililo la kila siku. Kanuni 829 inasema kibali ao ruhusa ni ya maandiko yaleyale yaliyosomwa. Haipiti kwa chapa mupya wala kwa tafsiri. Sasa tazama tunachofanya. Tunachukua kitabu cha sala cha zamani, tunakiandika upya, tunaongeza novena tatu, tunabadili maneno ya Kiswahili ya Bukavu kwa yale ya Lubumbashi, tunaacha yale yasiyotupendeza, na ukurasa wa pili tunauhifazi kama ulivyo, pamoja na imprimatur yake. Hivi Askofu aliyekufa miaka 40 iliyopita anatia sahihi novena ya mwaka huu. Hatutaki kusema uongo, lakini ni uongo. Jina lake liondoke, na ruhusa mupya iombwe. Mwaka 1987 Roma iliulizwa kama ruhusa ni lazima iandikwe ndani ya kitabu, pamoja na jina la aliyeitoa, siku na pahali. Ilijibu: ndiyo. Maneno kama yangu, «Kwa ruhusa ya Eklezia», pasipo jina wala tarehe, hayana samani.

Juu ya vitabu vya liturjia sheria ni kali zaidi, na kuna sababu. Tafsiri ya Misa haiwi mali ya parokia wala ya padri, hata akijua Kiswahili kupita wengine. Baraza la Maaskofu linatengeneza na kukubali, Roma inahakikisha. Ndivyo kanuni 838 inavyosema tangu Papa Fransisko alipoirekebisha mwaka 2017. Sisi wa Kongo tunajua mwendo huo vizuri, kwa sababu kitabu chetu cha Misa kwa majimbo ya Zaïre kilikubaliwa Roma tarehe 30-4-1988, nyuma ya kazi ya miaka mingi ya Maaskofu wetu. Lakini parokia inataka kijitabu cha Misa ya ndoa, ao sala za mazishi. Inaweza? Inaweza, kwa sharti moja: Ordinario wa pahali kinapotolewa ashuhudie kwamba maneno yanapatana na chapa iliyokubaliwa (kan. 826 §2). Kilatini kinasema concordat cum originali. Kazi ya mushuhuda ni kuweka vitabu viwili mezani na kusoma mustari kwa mustari. Haiulizi teolojia kubwa. Inauliza macho na uvumilivu. Mutu mumoja angefanya hivyo kwa kitabu changu cha matanga, angeona katika nusu saa kwamba ufufuko wa miili umeanguka.

Ninasikia mapadri wakisema: «Tukipeleka karatasi kwa Askofu, zinakaa mwaka.» Siwezi kusema wanadanganya. Nimeona karatasi za katekista mumoja zikirudi nyuma ya miezi 14, na alama ya kikombe cha kahawa juu yake na neno moja la kusahihisha. Codex ya sasa haiweki siku za kumaliza ukaguzi. Inadai tu mukaguzi aandike shauri lake, na kama Ordinario anakataa, amuambie mwandikaji sababu. Kwa maoni yangu ucheleweshaji unaharibu sheria kuliko uasi, maana unawafundisha watu wema kuizunguka. Lakini kosa haliko upande mumoja. Tunapeleka karatasi zilizoandikwa kwa mukono, bila hesabu ya kurasa, bila kutaja sala ilitolewa katika kitabu gani, tena juma moja mbele ya sikukuu. Mukaguzi ni mutu mwenye parokia ao darasa. Tumupe karatasi safi, tumuonyeshe kando ya kila sala asili yake, na tuombe miezi mitatu mbele. Nilipofanya hivyo mara ya pili, jibu lilikuja katika siku 19.

Ruhusa ya Askofu haimalizi mambo. Leta nayo ina sheria zake, na padri hasamehewi kwa sababu ya kanzu. Sheria nambari 74-003 ya tarehe 2-1-1974 inaagiza machapisho yanayotolewa katika inchi yawekwe akiba; ndicho kinachoitwa kwa Kifaransa dépôt légal, na nambari yake inaandikwa ndani ya kitabu. Majarida na magazeti yana sheria yao ya habari, ile ya tarehe 22-6-1996, iliyopokelewa nafasi na amri ya tarehe 13-3-2023. Nambari ya ISBN, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, ni jambo lingine tena: inasaidia maduka na maktaba kutambua kitabu, wala haimaanishi ruhusa ya mutu yeyote. Niliwahi kuonyeshwa kitabu cha unabii wa ajabu, mwenyewe akinihakikishia kwamba «kimekubaliwa ulimwenguni» kwa sababu kina ISBN.

Linalobaki ni haki ya mwandikaji, na hapa ndipo tunapokosa zaidi pasipo kujua. Kongo iliingia katika Mapatano ya Berne mwaka 1963, na tangu tarehe 5-4-1986 ina sheria yake, ordonnance-loi nambari 86-033, juu ya haki za waandikaji na watunga nyimbo. Haki hiyo inadumu maisha yote ya mutungaji na miaka 50 nyuma ya kufa kwake. Mapatano ya Berne yanataja kwa jina hata mahubiri kati ya maandiko yanayolindwa. Ni kusema, ukipiga chapa mahubiri ya mwenzako pasipo kumuuliza, umechukua mali yake, hata kama alihubiri bure. Na tafsiri za liturjia, haki zake ziko kwa Baraza la Maaskofu lililozitoa. Nyimbo zetu tunazihesabu kama maji ya mutoni, ambayo kila mutu anachota. Lakini wimbo una baba yake.

Nilijifunza hilo kwa wimbo wa 17 wa kitabu kilekile. Mwezi mumoja nyuma ya mujane, mzee mumoja katekista wa parokia jirani alinijia kwa kinga. Alikaa, akanywa maji, akauliza habari za wazazi wangu, ndipo alipotoa daftari la shule lenye jalada lililofungwa kwa uzi. Wimbo ule ulikuwamo, umeandikwa kwa mukono wake, na tarehe ya mwaka 1978. Aliutunga kwa mazishi ya mutoto wake wa kwanza. Mimi niliuandika bila jina. Tena katika ubeti wa pili niliondoa neno «mwana» nikatia «ndugu», kusudi wimbo ufae kwa kila maiti. Nilimuomba msamaha, nikataja feza. Akakataa feza. Akasema: «Padri, hata jina langu ukilisahau si neno. Lakini aliyekufa alikuwa mwana.»

Kwa hiyo kazi ilianza upya. Tulitangaza katika jumuiya zote kwamba vitabu virudishwe. Mukaguzi alisoma karatasi, akaulizia sala mbili nisizojua asili yake, nikaziondoa. Vikari Mukuu alitoa ruhusa kwa jina lake, tarehe na pahali, na ushuhuda wa kupatana na kitabu cha mazishi kilichokubaliwa. Nambari ya akiba ya Leta iliombwa. Mzee aliandika kwa mukono wake karatasi ya kuturuhusu kutia wimbo wake, na jina lake liko chini ya wimbo wa 17, na neno «mwana» limerudi. Karatasi za majaribio tulizisoma watu watatu, mumoja akisoma kwa sauti na wawili wakifwata kwa kidole. Mujane yule nilimuomba awe mumoja wa wawili hao, akakubali.

Kati ya vitabu 400 vya kwanza, 361 vilirudi. Atakayeona kitabu cha matanga chenye jalada jeusi na maneno «Kwa ruhusa ya Eklezia» pasipo jina, atazame Nasadiki. Kama mustari wa ufufuko wa miili haumo, akipeleke kwa padri wake aongeze mustari ule kwa mukono mbele kitabu hakijasomwa tena penye maiti.